Mume Wangu Alimwonyesha Rubani Picha Tukishuka

Nilimpokonya mume wangu simu mbele ya watu, nikampigia kelele ambazo sijawahi kumpigia tangu anioe...

"Papa Aziza, nyamaza! Utatuua!"

Chini ya dirisha langu niliona matawi ya miti. Siyo msitu kwa mbali, wapendwa. Matawi! Na majani yake!

Ngojeni niwaeleze. Nimechoka, lakini nitaeleza.

Tulikuwa tunarudi nyumbani Kisangani kutoka Buta, kwenye matanga ya dada yangu. Ndege ndogo, watu wachache na magunia. Mnajua kwetu mzee anakaa mbele. Kwenye gari ni hivyo, na kwenye ndege ndogo wakafanya vilevile. Mume wangu Bilali akawekwa kando ya rubani, mimi nyuma yao.

Rubani aliitwa Benoît, kijana mwenye adabu. Alinifunga mkanda mwenyewe, akauliza kama unanibana. Hilo silisahau.

Tulipopaa tu, Bilali akaanza kuongea. Hakupumzika!

"Mwanangu, ulishaoa?"

"Bado, papa."

"Bon! Niko na mujukuu, Chancelle. Anasoma udaktari."

"Félicitations, papa," kijana akampongeza.

Huko juu haikunisumbua. Lakini tulipokaribia Bangboka, uwanja wetu wa ndege, wingu likatufunika, ndege ikaanza kushuka... na yeye akatoa simu!

"Angalia picha yake."

"Papa, tunashuka..."

"Kidogo tu! Unakatala kuangalia mutoto wangu?"

Benoît akageuza kichwa. Akaangalia. Bilali akasogeza kidole, picha nyingine. Akaangalia tena.

Kitu kikaanza kulia kwenye mitambo mbele yao. Piii... piii...

"Simu ya nani ile?" mume wangu akauliza.

Hapo ndipo nilipoona matawi. Nikanyoosha mkono mpaka mkanda ukanikata tumbo, nikaipokonya ile simu!

Benoît akavuta usukani. Injini ikanguruma. Mwanamke nyuma yangu alikuwa anamwita Mungu kwa Lingala. Tukapanda, tukazunguka, tukashuka upya. Tulitua salama, na hakuna aliyepiga makofi.

Nilitaka kumgombeza yule kijana. Lakini alinishika nisianguke kwenye ngazi.

"Koko, bibi yangu, unisamehe. Nilipaswa kumuambia papa anyamaze. Niliogopa kumukosea heshima."

"Ukaogopa hiyo kuliko miti?"

"Ndiyo, koko. Naenda kumuambia chef wangu, mkubwa wa kazi, mimi mwenyewe."

Na akaenda, jamani. Nilimwona akiingia ofisini kwao.

Bilali alikuwa amekaa juu ya gunia la mtu, hanitazami.

"Umenipatisha haya mbele ya watu."

"Na wewe? Kwa nini hukunyamaza?"

Akashusha sauti...

"Mama Aziza, naogopa ndege. Nikinyamaza nasikia moyo wangu tu. Niliona haya kukuambia."

Miaka yote hii ya ndoa! Nikakaa kando yake, nikamrudishia simu yake.

Wapendwa, rubani akishusha ndege, mwacheni. Hata kama una mvi, hata kama una woga. Shika mkono wa mkeo, atakuelewa.

Na wewe kijana unayeshika usukani, mwambie mzee anyamaze. Utamwomba msamaha mkishakanyaga ardhi. Atanuna, ndiyo. Wangu alinuna mpaka chakula cha jioni, nami nikakaa nikimtazama akinuna, nikamshukuru Mungu.