Goti la Fundi wa Vigae

Kwa miaka kumi na minane, fundi wa vigae aliilisha familia yake kwa kupiga magoti. Siku moja aliteleza kazini. Pia ya goti la kulia, kile kifupa cha mbele, ikavunjika vipande viwili. Hospitali ilimpasua, ikaviunga kwa pini na waya.

Wiki ya saba ilifika, mguu bado umenyooka juu ya kigoda. Mkewe alipomsihi aukunje, jibu lilikuwa lile lile.

"Mama watoto, kigae kikikanyagwa kabla gundi haijakauka, kinang'oka. Niache nikauke."

Tena ncha ya pini ilimchoma chini ya ngozi. Mkewe uzalendo ukamshinda. Alimpeleka hospitalini, kwenye chumba cha mazoezi ya viungo, akamwaga yote yaliyomjaa moyoni.

"Mmemfunga waya kama uzio. Jirani yetu alitiwa bamba la chuma, leo anatembea. Sisi ndio wa kujaribiwa?"

Mtaalamu wa mazoezi, mama wa makamo, aliitazama picha ya eksirei.

"Waya si kosa, mama. Mfupa ukivunjika vipande viwili, pini na waya huushika vizuri. Tazama, umeunga. Ubaya wake, pini huchoma ngozi, na wengi hurudi kutolewa. Bamba lenye skrubu halichomi sana, na hufaa zaidi mfupa uliosagika. Ila ni ghali, na si kila hospitali inalo. Goti la jirani lilivunjikaje?"

"Lilisagika," mke alikiri.

"Basi ndiyo sababu. Na wewe fundi, nani alikukataza kukunja?"

"Hakuna. Niliambiwa nipumzike, basi."

Mtaalamu alikunja uso. "Huo ni uzembe wetu. Ulipaswa kuanza mapema, kidogo kidogo, ukisimamiwa. Mfupa si gundi. Tunauunga imara ili goti lisikae likakakamaa."

"Wiki saba," mke alisema kwa hasira. "Neno moja tu, mkashindwa kulisema. Wala hamkumuuliza anafanya kazi gani."

Mtaalamu alichukua kalamu. Aliandika juu ya faili: *Kazi yake ni ya magoti.*

Mazoezi yalimtoa fundi machozi, lakini goti lilikubali. Mfupa ulipokomaa, daktari alizitoa pini. Sasa fundi amerudi kazini, akipiga magoti juu ya sponji nene.

Siku ya kliniki ya mwisho, mkewe aliona karatasi mpya ukutani: *Muulize mgonjwa kazi yake. Mwambie lini aanze kukunja goti.* Aliisoma mara mbili.

"Karatasi moja tu," alimwambia mumewe. "Na sisi tumelia miezi."