Ng'ombe wa Baba Kwenye Jumba la Sanaa

"Nyanzala, naingia mara moja kuona hiyo kazi yake. Nikitoka, jina la Deo lisitajwe tena kwangu."

"Sawa, baba."

Baba yangu huyo, Mzee Masalu, mlangoni mwa jumba la sanaa la Mpanda! Hakumtaka Deo wangu kwa sababu ni mchora picha, tena mtoto wa wakulima wa Kasokola ambao mahindi yao yaliliwa na ng'ombe wetu mwaka juzi. Tangu kesi ya mahindi hayo, familia zetu hazisalimiani.

Meseji ya Deo ikaingia: "Nipo ndani. Nina wasiwasi."

Nikajibu: "Hata mimi. Tulia tu."

Tukaingia. Jamani! Zamani lilikuwa ghala la tumbaku, sasa kuta nyeupe zimepanda hadi juu, na mwanga wa madirisha ya juu unamwagikia vyungu vya kale na vigoda vya kuchonga. Baba alivua kofia bila kuambiwa.

"Mayo," alininong'oneza, akiniita mama kwa Kisukuma, "hapa ni kanisani?"

"Hapana, baba."

"Mbona naogopa hata kukohoa?"

Nikabana kicheko. Tulipokata kona, baba akaganda. Ukuta mzima ulikuwa ng'ombe, wakubwa kama walivyo, wamezama kwenye mahindi alfajiri, umande unang'aa migongoni.

"Yule wa pembe iliyopinda ni wangu," baba alinong'ona akinyoosha mkono. "Na yule mwenye mabaka. Wote wangu!"

"Mzee, picha haishikwi," alisema Dorotea, mwongoza wageni, kwa upole.

Deo akasogea, kichwa chini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Haya ni mahindi ya baba yako?"

"Ndiyo. Siku ile nilitumwa niwafukuze ng'ombe."

"Ukafanya nini?"

"Nilisimama nawaangalia, mzee. Walikuwa wazuri mno, nikasahau na fimbo. Baba hajanisamehe mpaka leo."

Machozi yalimlengalenga baba.

"Nimefuga toka utoto," alisema. "Sijaona mtu anaacha shamba lao liliwe kwa kuangalia ng'ombe wa mwenzie. Mayo, wewe anakuangaliaje?"

"Hivyo hivyo, baba."

Akamgeukia Deo.

"Mwambie baba yako nakuja Kasokola kumwomba radhi. Halafu nyie ndiyo mje kwangu kuposa."

Nililia mbele ya wageni wote, wala sikuona aibu.