Uvimbe Unaodunda

Fundi tairi wa pale kona watu walimwita Hebu Nione. Ukimwambia tairi linavuja, hakuamini. Alitoa tyubu, akaizamisha kwenye beseni la maji, mpaka aone mapovu kwa macho yake. Alimshuku kila mtu: muuza gundi, wateja, hata mkewe akimwambia chai iko tayari.

Mwaka ule alitokwa na uvimbe shingoni, chini ya taya. Haukuuma. Ulikua polepole, hadi kola ya shati ikakataa kufungwa. Mkewe alipougusa, ulidunda chini ya kidole chake.

"Baba watoto, kitu hiki kinadunda. Twende hospitali."

"Ni upepo umekwama. Tairi likitoka nundu, mimi natoa upepo. Sindano nimeshaichemsha."

Mkewe alimnyang'anya ile sindano.

"Kapimwe kwanza. Kabla ya hapo huioni."

Alikwenda shingo upande. Daktari alimgusa, akamwandikia kipimo cha altrasaundi. Mlangoni pa chumba cha kipimo, Hebu Nione alikuta wajawazito watatu benchini.

"Wananichezea," alimnong'oneza mkewe. "Hii ni mashine ya mimba."

"Kaa. Hakuna anayekutazama," alisema mkewe. Hapo alidanganya, maana mmoja wa wale wanawake alikuwa ameziba mdomo asicheke.

Ndani, mtaalamu wa picha, mama mwenye miwani, alimpaka jeli ya baridi shingoni.

"Nini hiki?"

"Jeli, mzee. Inaondoa hewa kati ya kifaa na ngozi. Kifaa kinatuma sauti ambayo sikio halisikii. Sauti inagonga vitu vya ndani, inarudi, na mashine inaichora."

"Nitajuaje kama picha ni yangu, si ya huyo aliyetoka sasa hivi?"

"Meza mate."

Alimeza. Kwenye kioo cha mashine kitu kilisogea. Akameza tena, kikasogea tena. Akameza mara ya tatu, ahakikishe.

"Huu ni mshipa mkubwa unaopeleka damu kichwani," alisema yule mama. "Hapa unagawanyika. Uvimbe umekaa katikati ya matawi mawili, umeyatanua."

Alibonyeza kitufe. Uvimbe ukajaa rangi nyekundu na bluu.

"Rangi ni damu inayotembea. Nyekundu inakuja upande wa kifaa, bluu inakwenda mbali nacho. Huu si upepo wala usaha. Ni nyama iliyojaa mishipa ya damu."

"Mtu akiutoboa kwa sindano?"

"Damu inaweza isikatike. Anaweza kufa kabla hajafika hapa."

Hebu Nione aliogopa sana, akamshika mkono mkewe aliyesimama kando ya kitanda.

Alipigwa picha nyingine kwa mashine kubwa zaidi, nayo ikaonyesha vilevile. Daktari bingwa wa mishipa ya damu akamfanyia upasuaji, akautoa uvimbe. Haukuwa saratani. Sauti ya fundi ilikwaruza kwa wiki kadhaa, kisha ikatengemaa.

Siku ya kuruhusiwa, daktari alimwambia, "Uvimbe wa namna hii wakati mwingine hufuata ukoo. Ndugu zako wa damu nao wapimwe."

Alikuwa na dada mmoja tu. Akaenda kwake.

"Mimi siumwi," alisema dada. "Wewe wamekutuma uniingize mtegoni."

"Hata mimi nilisema hivyohivyo. Vaa viatu, twende."

Walibishana hadi saa sita mchana. Mwishowe dada alivaa viatu, akinung'unika njia nzima.

Kwenye kioo kilionekana kiuvimbe kidogo kama punje ya mahindi. Kwa nje hakikuonekana, hata ukikigusa hukihisi.

"Umekuja mapema," alisema mtaalamu. "Kikiwa kidogo hivi, kazi ya daktari ni nyepesi."

Dada alifuta jeli shingoni. Machozi yalimtoka, lakini alimkazia macho kaka yake.

"Wifi ameniambia habari ya ile sindano," alisema. "Ungejitoboa siku ile, nani angeniambia nije hapa? Tungezikwa wawili."