Maji ya Tanki la Mwakitutu

Kilonzo alilala chali chini ya tanki la maji la stesheni ya Mwakitutu, kwenye reli ya kwenda Taveta. Kisogo kilikuwa kimepasukia juu ya chuma cha reli. Mkononi bado alishika ufunguo wa bomba.

Inspekta Mwandawiro alichuchumaa. Jua la saa mbili lilikwisha anza kuunguza.

"Ameanguka au ameangushwa?"

"Ngazi hii ameipanda miaka ishirini, afande," alisema Obadiah, mkuu wa stesheni. "Aanguke leo?"

Stesheni ilijengwa wakati wa vita vya Wajerumani: chumba cha tiketi, kengele, na hilo tanki la kunyweshea injini za mvuke. Wanakijiji nao walichota hapo. Mwaka huo, 1976, zikaja injini za dizeli, nazo hazina kiu. Bomba likatiwa kufuli, Kilonzo akawekwa alinde robo tanki iliyobaki. Mvua ilikuwa imegoma mwaka wa pili.

"Na maji yenyewe mabaya," Obadiah aliongeza. "Yana dawa ya injini. Magadi na kutu tupu! Lakini Kilonzo aliyalinda kama bibi harusi."

Hakuna aliyecheka.

Nyumba ya karibu ilikuwa ya Wakesho, aliyewauzia abiria chai. Mwandawiro alimkuta ameketi sakafuni, kando ya mtoto aliyefunikwa leso.

"Mama, alfajiri ulisikia lolote?"

Wakesho alichota maji kwa kikombe cha bati, akampa. Hata kwao Mwandawiro, vilimani Sagalla, mgeni hupokewa hivyo. Inspekta alikunywa, akasita.

Magadi. Kutu.

"Maji haya umeyatoa wapi?"

"Si umeyaonja, afande?"

"Nieleze."

"Elsie wangu alihara siku tatu. Nilimsihi Kilonzo kikombe kimoja tu. Akaniambia nikangoje mvua."

"Ukapanda ngazi."

"Nilikwisha teremsha debe lililojaa hadi chini kwa kamba. Akanifuata juu, akanishika mkono. Nikamsukuma."

"Alikufa papo hapo?"



"La. Aliniomba maji. Debe limejaa, afande, nalo liko mbele yake! Nikamwambia, haya ni ya Elsie. Nikampita."

Mwandawiro aliitazama leso. Haikupanda, haikushuka.

"Mtoto alikunywa?"

"Nilimkuta amepoa."

Debe lilikuwa mlangoni, limepungua kikombe kimoja.

"Wewe ndiye wa kwanza kuyanywa," Wakesho alisema, akanyoosha mikono atiwe pingu.