Mkono wa Pili Kwenye Foleni

Jumanne, tarehe 14 Machi 2023. Ukungu ulilala juu ya Lualaba asubuhi hiyo, na manyunyu yalilowesha reli za Kindu.

Treni ya Kibombo ingeondoka baada ya dakika nne.

Behewa la sita, chini ya magunia ya mchele, lilibeba bunduki mia mbili. Zikifika Kibombo, vita vitarudi.

Arsène Onema, ajenti wa upelelezi, alibonyeza SIMAMISHA kwenye tableti yake ya Samsung.

Taa ya njia ilibaki kijani.

Aliujua mtambo ule wa kuongoza taa za reli. Ukurasa ulio mkononi mwake hauongei na seva moja kwa moja. Amri huingia kwenye foleni, hungoja, kisha programu ya seva huichukua na kuwasha taa nyekundu. Hata mtandao ukikatika, amri haipotei. Hungoja tu.

Basi amri hii imekwenda wapi?

Akashika redio yake ya Motorola. "Adèle! Amri yangu iko kwenye foleni?"

Adèle, fundi wa seva, alikuwa ghorofani stesheni. "Imeshachukuliwa, yaya, kaka yangu. Lakini si sisi. Hata zile amri nne za majaribio ya asubuhi, mbili tu njo zilifika. Kuna programu ingine inachota humu. Foleni inagawa kwa zamu: moja kwetu, moja kwake."

"Kwa ufunguo wa nani?"

Redio ilikwaruza.

"Wa shefu Désiré."

Désiré, mkuu wao, ndiye aliyemfundisha Onema kazi.

Mwaka 1999, wakati wa vita, barua za siri za Onema na wenzake zilipitia kwa Désiré bandarini. Moja ilifika, moja ilipotea. "Mutumbwi ulizama," alisema. Barua ya kumwambia Pélagie, dada yake Onema, akimbie, haikufika. Aliuawa kesho yake. Mazishini, Désiré alilia kuliko wote.

Filimbi ya treni. Mabehewa yakatikisika.

"Bwana, nishike mkono," Onema alinong'ona.

Akabonyeza mara mbili, harakaharaka. Moja ya mwizi. Moja ya seva.

Nyekundu!

Breki zilipiga kelele. Polisi waliokuwa wakingoja walilivamia behewa la sita, wakatupa magunia chini. Masanduku ya bunduki yakaonekana.

Désiré alisimama jukwaani, simu ya setilaiti ya Thuraya mkononi. "Mutoto yangu, njo nini hii?"

"Barua ya Pélagie iko wapi, baba?"

Désiré aliangalia chini. "Ilikuwa vita, Arsène. Niliiuza. Kila muntu alitafuta kula."

"Na leo? Vita iko wapi?"



Onema akachomoa bastola yake ya Browning.

"Papa!" mama Françoise, muuza mikate ya muhogo pale jukwaani, alipiga kelele. "Usipige risasi kwenye chikwange zangu!"

Mtu mmoja akacheka kwa woga. Mkono wa Onema ukashuka. Akatoa risasi zote, akampa polisi, kisha akamfunga Désiré pingu. Akatembea polepole naye, mpaka katikati ya umati.

"Mama zangu, baba zangu, ninyi njo mashahidi. Naahidi mbele yenu na mbele ya Mungu: nitamufikisha kwa hakimu akiwa hai, na sitatoka mahakamani mpaka ataje jina la dada yangu."