Gauni la Mwisho la Bi Skolastika

Sindano za mwanga zilishuka juu ya gauni la mtoto, zikachomoa uzi wa kwanza shingoni, na papo hapo kioo cha Kifumuzi kikaanza kueleza: pamba, rangi ya buluu iliyotiwa mwaka 2039, cherehani ya miguu, mkono wa mwanamke, mwepesi kwenye kona.

Mhandisi Sekela Mwaipopo aliitazama kazi ya mikono yake. Kifumuzi alikibuni yeye, hapa Hifadhi ya Mavazi, Dodoma, baada ya kuvu ya joto kuanza kula pamba nchi nzima. Sanduku ulilolifunga Januari na nguo za harusi, ukilifungua Juni unakuta unga. Mashine hii iliziwahi nguo kabla ya kuvu. Ilisoma kila uzi, ikaandika umri wake, rangi yake na hata nguvu ya kidole kilichouvuta, kisha vazi likaweza kufumwa upya popote duniani. Lakini uzi ukishasomwa ulikuwa umeungua. Vazi halikurudi.

Gauni hili lilikuwa limeletwa asubuhi hiyo na Bi Skolastika Mbilinyi, fundi wa nguo wa miaka themanini na moja kutoka Njombe. Zamani magauni yake ya watoto yalivaliwa Nyanda za Juu zote. Sasa lilikuwa limebaki moja.

"Litasomwa, mama," Sekela alimwambia. "Litahifadhiwa milele."

Bibi aliweka dole gumba kwenye fomu. Kifungu cha nne kilieleza habari ya kuungua. Sekela hakukisoma kwa sauti. Alikuwa amechoka kuona watu wakilia.

Alasiri mashine ilifika chini ya gauni, ikalia mara moja. Kwenye kioo paliandikwa: *Upindo, sentimita kumi na mbili. Umeteremshwa mara mbili. Kitambaa cha kuteremsha mara ya tatu hakijatumika.*

Wanahistoria wangefurahi. Kwa miaka mingi walijiuliza magauni ya Njombe yaliwezaje kuvaliwa miaka minne na mtoto yule yule. Sekela hakufurahi. Aliyasoma maneno ya mwisho mara mbili, akanyoosha kidole kwenye kitufe cha kusimamisha. Kisha akakumbuka kwamba sehemu iliyobaki ingesambaratika vilevile. Akakiacha Kifumuzi kimalize.

Kesho yake Bi Skolastika alifika mapema, mtandio wake wa sufu mabegani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmemaliza kulisoma? Nimekuja kulichukua. Treni yangu inaondoka saa sita."

Sekela akamletea kwa mikono miwili nakala iliyofumwa usiku. Bibi aliigeuza ndani nje, kama wafanyavyo mafundi, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Kazi nzuri," alisema. "Na langu liko wapi?"

"Mama, Kifumuzi kinasoma kwa kufumua. Uzi ukishasomwa, hauwi uzi tena."

"Unakuwa nini?"

"Vumbi."

Bibi alikaa kwenye benchi, nakala ikiwa mapajani.

"Ulisema milele."

"Nilisema, mama."

"Ungeniambia tu, mwanangu. Mimi nimefumua nguo maisha yangu yote. Neno hilo ningelielewa."

Sekela akapiga magoti mbele yake. Akasema, "Nisamehe."

"Mtoto wangu alikuwa na miaka sita," Bi Skolastika alisema, kana kwamba hakumsikia. "Nilimwachia nafasi ya kukua. Mazishini wakaniambia nimzike nalo, nikakataa. Nilitaka nibaki na kitu kilichomshika." Akainuka. "Nionyeshe hilo vumbi."

Lilikuwa kwenye trei nyuma ya mashine, kijivu, limechanganyika na la mavazi mengine kumi ya wiki ile. Sekela alimweleza hivyo, hakumficha. Bibi aliingiza mkono, akachota konzi moja, akaifunga kwenye ncha ya mtandio kwa fundo dogo lililokaza. Nakala akaiacha kwenye benchi.

Sekela akamfuata hadi mlangoni. "Mama, kumbukumbu ina pengo moja. Jina la aliyelivaa."

Bi Skolastika aligeuka. Hakuwa na hasira.

"Mkishalipata jina nalo, mimi nitabaki na nini?"

Akashuka ngazi polepole, mkono mmoja ukishika ukuta, mwingine ukishika lile fundo.

Sekela alirudi kwenye kioo. Mashine haikukubali kufunga kumbukumbu bila kujibiwa. Iliuliza, ikauliza tena: *Mvaaji?* Watu watatu walikuwa wameshapanga foleni nje na nguo zao kwenye mifuko. Akafuta machozi kwa kiganja, akaandika: *Mama yake anamjua.*