Kisahani Kilichofungwa

Msala wa Ghada ulikuwa umelowa, na ilikuwa mwezi wa saba.

Mwezi wa saba Bujumbura hakuna mvua. Vumbi la barabarani huingia mpaka kwenye sukari, na nguo ya kwanza hukauka kabla hujamaliza kuanika ya mwisho. Lakini adhuhuri ile, Ghada alipoweka paji la uso chini, msala ulikuwa wa baridi, umelowa mahali pawili, kama mtu ametoka kuukanyaga kwa miguu yenye maji. Akaunusa. Ulinuka udongo wa shimo na majani yaliyooza. Nyuma ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya sabuni ya kufulia.

Aliukunja haraka, akamaliza sala juu ya kanga. Hakumwambia mtu.

"Ghada!" mama yake aliita kutoka sebuleni, huku akipuliza makaa ya chetezo. "Fungua dirisha, Dévote ameingia tena!"

Hilo ndilo jina walilokuwa wameipa ile harufu.

Dévote alikuwa binti aliyewafanyia kazi za nyumbani miaka miwili, akilala katika chumba kidogo nyuma ya jiko. Mwezi wa nne, wakati wa mvua kubwa, zamu ya kusomea darasa la Alhamisi ilifika nyumbani kwa Nafisa, mama yake Ghada. Wanawake wa mtaa mzima wa Waislamu walikaa sebuleni na misahafu yao. Mikeka haikutosha, na Nafisa akamtuma Dévote achukue mingine chumbani kwa Ghada. Dévote alipoingia nayo mikononi, harufu iliingia pamoja naye. Mwanamke mmoja akavuta mtandio puani. Wa pili akafuata, kisha safu nzima.

Nafisa aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Akamtoa Dévote uani, akampa ndoo na sabuni, akamwambia aoge. Wageni walisikia kila kitu kupitia pazia: maji yakimwagika mara moja, mara mbili, mara tatu.

"Si mimi, mama," Dévote alisema akitetemeka. "Wallahi si mimi. Ni kule ndani."

"Usiape kwa dini ya watu. Ghada, mletee nguo safi."

Ghada alifungua kabati lake, akatoa gauni lake la zamani, akampelekea kwa mikono yake mwenyewe. Dévote akalivaa. Bado alikuwa akinuka. Jioni ile alifukuzwa, akaondoka na begi lake, na kesho yake mama alipoisikia harufu ile ile sebuleni alicheka, akasema, "Loo, Dévote amesahau kitu." Tangu siku hiyo likawa neno la nyumbani. Dévote amekuja. Dévote amekaa kwenye kochi. Fukizeni udi, Dévote atoke.

Ghada alicheka nao. Lakini kulikuwa na jambo ambalo Ghada alilijua, na hakuna mwingine aliyelijua.

Wiki mbili kabla ya darasa lile alikuwa amepigilia msumari ukutani kwake ili atundike kioo. Upande wa pili wa ukuta ni bafu. Msumari ulipozama alisikia sauti ndogo, sss, kama mtu anayemwambia anyamaze. Tone la maji likatoka kando ya msumari. Mama alikuwa amemkataza kutoboa kuta. Akatundika kioo, akasukuma kabati mpaka chini yake lifiche maji, na alipotoa gauni lile la zamani alijua kabisa lilikuwa limekaa wapi na lilikuwa likinuka nini.

*

Kikohozi kilianza katika saa ya mapumziko ya mchana, maduka yanapofungwa na mji unanyamaza kwa joto. Baba alikuwa Kigoma kufuata mzigo. Ghada na mama walikuwa wamelala, kila mtu chumbani kwake. Nyuma ya kabati mtu akakohoa. Kikohozi kifupi, cha kujizuia, cha mtu anayeogopa kuamsha wenye nyumba. Dévote ndivyo alivyokuwa akikohoa.

Ghada alikaa kitandani. Kikohozi kikasikika tena, chini zaidi, karibu na sakafu.

Siku iliyofuata ikawa maji. Uani hapakuwa na mtu, lango limefungwa kwa komeo, na bado ndoo ilimwagwa mara moja, mara mbili, mara tatu, taratibu. Nafisa alikuja mlangoni kwa Ghada amejifunga kanga kifuani.

"Umesikia?" alinong'ona.

"Nimesikia, mama."

"Usiende kuangalia."

Hawakwenda. Baadaye walikuta saruji ya uani ni kavu, ila nyayo mbili za maji kwenye kizingiti cha jiko, vidole vikielekea ndani.

Kisha kifua cha Nafisa kikaanza kubana. Aliamka akivuta pumzi kwa filimbi, kama birika. Daktari alimsikiliza mgongo, akauliza kama nyumba ina unyevu, akamwandikia jina la mtu mwenye ofisi mtaa wa Rohero anayepima hewa ya nyumba za watu.

"Mutu wa kuja kunusa nyumba yangu?" Nafisa alisema njiani. "Majirani watasema nini?"

Alimpigia simu bwana huyo, jina lake Armel, akamwomba aache gari mbali, aingie kwa mlango wa nyuma, na akiulizwa aseme amekuja kurekebisha choo.

Armel alikuwa mtu mpole mwenye miwani, na ombi hilo hakulishangaa. "Wote wanasema hivyo, madame. Mi nimeshakuwa fundi wa choo mara nyingi kuliko mafundi wenyewe." Akafungua sanduku. Alikuwa na kifaa cha kuchomeka ukutani kusoma unyevu, pampu ndogo ya kuvuta hewa, na visahani vya plastiki vyenye rojo angavu ndani. Aliviacha wazi saa nzima, kimoja kimoja: sebuleni, chumbani kwa Nafisa, chumbani kwa Ghada, na nyuma ya jiko alikokuwa akilala Dévote. Kuvu isiyoonekana, alieleza, huelea hewani. Ikianguka kwenye kisahani itaota, na hapo utaihesabu.

Cha tano hakukifungua. Alikizungushia utepe, akakiweka juu ya kabati la Ghada.

"Hiki ni shahidi," alisema. "Kimepita njia ile ile, lakini hakijaonja hewa yenu. Kikiota kitu, basi kosa ni langu. Na hakioti. Miaka kumi na moja, hakijaota hata siku moja."

Aliondoka navyo vyote, na baada ya siku sita alirudi, akavipanga mezani. Cha sebuleni kilikuwa na madoa ya kijani. Cha Nafisa kilikuwa na mengi zaidi. Cha Ghada kilikuwa cheusi chote, kimejaa manyoya kama mgongo wa panya.

"Na hiki cha nyuma ya jiko?" Nafisa aliuliza.

Kisahani cha Dévote kilikuwa karibu kitupu, kina vidoa viwili tu.

"Hicho chumba ndicho kisafi kuliko nyumba nzima," alisema Armel. "Aliyelala kule alikuwa anasugua kuta na maji ya javeli, ile dawa ya kuua kuvu. Harufu yake bado inasikika kidogo."

Nafisa alitazama meza. Rangi ilipanda shingoni mwake, ikafika mashavuni, naye akajifanya anatafuta leso.

"Cha tano kiko wapi?" Ghada aliuliza.

Armel alisita. Kisha akakitoa mfukoni, kimefungwa bado, utepe haujaguswa. Ndani, upande wa chini wa kifuniko, kuvu ilikuwa imeota katika alama tano za mviringo, nne zimepangana na moja pembeni, kama vidole vya mtu aliyekuwa ndani akisukuma ili atoke.

"Ni kosa langu," alisema, lakini hakukiacha mezani. "Lazima iwe kosa langu."

Yeye mwenyewe akasogeza kabati la Ghada. Ukuta nyuma yake ulikuwa mweusi kutoka sakafuni mpaka kwenye kioo. Fundi aliitwa, plasta ikavunjwa, na bomba likaonekana, limechomwa na msumari mmoja, likilia sss.

Nafisa aliutazama msumari, kisha akamtazama binti yake. "Hukujua, mwanangu," alisema. Alisema kwa kuomba.

"Sikujua," alisema Ghada.

Ndani ya tundu la ukuta, mahali ambapo mtu asingeweza kuingiza hata mkono, kitu kilikohoa. Fundi aliacha nyundo palepale.

*

Maalim Shaabani aliitwa, akasoma Qur'ani nyumbani mle siku mbili. Alisoma juu ya maji, akanyunyiza pembe zote, na kikohozi kiliendelea kumjibu kwa adabu baada ya kila aya, kama mtu anayesubiri zamu yake ya kusema. Siku ya pili alifunga msahafu.

"Bi Nafisa, jini anayekaa penye maji machafu ni mpita njia. Hana haja na ninyi. Huyu mmempa jina. Kila siku, miezi mitatu, mmemwita kwa jina la binti wa watu, mkicheka. Mwenye jina mmemfukuza, jina mkalibakiza ndani. Yeye amelivaa tu. Mimi namwambia toka, naye ananiuliza, kwa nini, si nimekaribishwa?"

"Tufanye nini, maalim?"

"Mrudishieni mwenyewe jina lake. Na aibu mliyompa mbele za watu, ibebeni mbele za watu. Msiache kitu nyuma. Mkiacha kitu, hicho ndicho atakachoshika."

Nafisa na Ghada walimkuta Dévote katika ghala moja la Zone Industrielle, eneo la viwanda karibu na bandari, akichambua maharage pamoja na wanawake kumi na wawili waliokaa chini katika vumbi. Nafisa alikuwa amevaa buibui jipya. Mkononi alikuwa na kitenge na kilo tano za sukari.

"Ee Dévote!" mmoja aliita. "Wageni wako wananukia marashi mpaka maharage yanapiga chafya!"

Wote wakacheka. Dévote hakuinua macho. "Waache. Hawa ni watu wa usafi."

"Dévote, binti yangu," Nafisa alianza kwa sauti ya chini, "tunaweza kusema pembeni?"

"Apana, mama. Kule kwenu mulinisema mbele ya watu. Semeni hapa hapa."

Kicheko kikaisha. Nafisa alikunja vidole, akavikunjua. Kisha akasema, na sauti ilimtoka vizuri kuliko Ghada alivyotarajia: kwamba harufu ilikuwa ya ukuta, kwamba chumba cha Dévote kilikuwa kisafi kuliko chake yeye, kwamba alimwosha mtoto wa watu kama sufuria na kisha akalifanya jina lake mzaha. Alilia. Wanawake wa maharage waliangalia pembeni.

"Lakini hatukujua," alimalizia. "Mungu ni shahidi, hatukujua."

Dévote aliinua uso kwa mara ya kwanza. Hakumtazama Nafisa.

"Na we, Ghada? We pia hukujua?"

Ghada alihisi macho ya wale kumi na wawili, na ya mama, na lile gauni mikononi mwake kana kwamba analishika tena, na maneno yalikuwa tayari mdomoni, nilisikia bomba likilia na nikanyamaza, mafupi tu, lakini mwanamke aliyefanya mzaha alikuwa anamtazama kwa tabasamu lililobaki, naye aliona jinsi tabasamu lile litakavyogeuka.

"Sikujua," alisema.

Dévote akarudi kwenye maharage yake.

"Sawa. Jina langu nimechukua. Muende na sukari yenu. Sasa ile kitu yenu haina jina." Akatupa kijiwe pembeni. "Itajitafutia."

*

Bomba lilibadilishwa, ukuta ukakauka, plasta mpya ikapakwa rangi. Armel alirudi na visahani vyake, na safari hii vyote vikatoka safi, hata shahidi. Kikohozi kilikoma. Nafisa alilala bila filimbi kifuani, na baada ya wiki tatu akawa na ujasiri wa kuwaita tena wanawake wa darasa.

Walikuja Alhamisi mchana, wakakaa kwenye mikeka iliyooshwa na kuanikwa. Sebule ilinukia udi na chai ya iliki. Ghada alitoka jikoni na sinia la vikombe, akapiga hatua tatu juu ya mkeka, na mwanamke wa kwanza akavuta mtandio puani.

Wa pili akafuata, kisha safu nzima.

Nafisa aliinuka. Masikio yalikuwa yamemwaka. Alimshika Ghada mkono, akamtoa mpaka uani, akamsogelea kumnusa, akarudi nyuma.

"Nenda ukaoge, mwanangu," alinong'ona bila kumtazama. "Haraka."

Mama akaingia ndani na kuteremsha pazia. Ghada alibaki peke yake katika jua kali la uani, nguo yake ni kavu, nywele zake ni kavu, na ndoo ikiwa bado imefunikwa kando ya ukuta, futi sita kutoka alipo, na kabla hajanyoosha mkono kuigusa, maji yakasikika yakimwagika mahali karibu naye, yote kwa pamoja, kama ndoo iliyomwagwa juu ya kichwa cha mtu, na saruji mbele yake ikabaki nyeupe na yenye vumbi.

Mara moja.

"Ni Ghada huyo," alimsikia mama yake akiwaambia wageni nyuma ya pazia, kwa kicheko kidogo kilichovunjika. "Sijui amekuwaje siku hizi."

Mara mbili.

"Ghada!" mama akaita. "Osha vizuri!"

"Abee, mama," ikajibu sauti ya Ghada, tamu, ya adabu, kutoka upande wa bafu.

Ghada alifungua mdomo apige kelele kwamba si yeye. Si mimi, mama. Wallahi si mimi. Maneno yalifika kwenye ulimi, naye akayatambua. Alikumbuka ni nani aliyeyasema mara ya mwisho hapo uani, amesimama kwenye saruji hiyo hiyo. Alikumbuka pia ni nani aliyekuwa nyuma ya pazia lile lile akisikiliza, anajua ukweli, amenyamaza.

Akafunga mdomo.

Maji yakamwagika mara ya tatu.